Chupa Zipo Juu ya Bati

2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko? Tumbo limetulia? Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa sabuni. Shuka za hospitali haziishi. Ukimaliza rundo hili, lingine limeshafika.

Umeniambia mkaa bei yake haishikiki, kwa hiyo maji ya bomba unayanywa bila kuchemsha. Mama, acha. Jana nikianika shuka nilimsikia nesi akiwafundisha akina mama njia isiyotaka moto. Tafuta chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, bandua karatasi, zioshe. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi mpaka yang'ae. Jaza, funga, zilaze juu ya bati la jiko asubuhi, uziteremshe jioni. Kukiwa na mawingu, ziache mpaka jioni ya pili. Jua lenyewe linaua vijidudu.

Najua utasema nimeanza kujifanya daktari. Jaribu tu, kwa ajili yangu.

Binti yako

26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, nasukuma siku. Cherehani nayo ipo, wateja ndio hawapo.

Nimefanya ulivyoagiza, mwalimu wangu wa maji. Bati la jiko nalifikia nikipanda kigoda. Nikaona vumbi linazichafua chupa, basi nikazishonea nguo, kila moja na gauni lake, kwa vipande vilivyobaki nilipokushonea gauni la safari. Zimependeza kweli. Nikizipanga huwa naongea nazo, kwa hiyo ukiambiwa mama yako amerukwa na akili, usishangae. Nyumba hii haina tena mtu wa kumshonea.

Ila tumbo bado linanisokota. Labda jua la huku ni vivu.

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni, halafu nikalia. Zivue hizo chupa nguo leo hii. Jua halipiti kwenye kitambaa, ndiyo maana tumbo halikuachii. Vumbi la nje lifute tu, maji yamefungwa ndani.

Unanitia wasiwasi ulivyo peke yako, na simu huisikii hata nikipiga kelele. Likizo nimeomba, bado hawajajibu. Kwa sasa nimezungumza na yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi akifungua duka atatupa jicho juu ya bati lako. Akiona chupa, ataniandikia, nami nitajua umeamka salama na umepanda kigoda chako. Asipoziona, atanipigia hapo hapo.

Binti yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Habari za tumbo? Barua yako sijaiona, nikaanza kuhangaika, lakini kinyozi ananituliza. Ujumbe wake wa kila asubuhi ni ule ule: chupa zipo.

Likizo walinipa wiki iliyopita. Nilishafunga mkoba. Kisha mwenzangu wa zamu akaletewa habari kwamba mama yake anaumwa, na wangu mimi chupa zake zipo. Nikamwachia likizo yangu. Nitakuja mwisho wa mwaka. Usinune.

Binti yako

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijanuna.

Ulipokuwa unafunga mkoba, mimi nilikuwa nimelala chali. Kiuno kilinishika nikishuka kwenye kigoda, nimetoka kuzipanga chupa. Nilijikokota mpaka kitandani, na tangu hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya kufika kwenye ndoo. Maji salama yako juu, mimi niko chini. Kiu iliponizidi nilikunywa yale mabichi ya ndoo, tumbo likarudi na hasira zake zote.

Kitanda kipo dirishani, unakijua. Kila asubuhi nilimwona kinyozi wako akifungua duka. Anatazama juu, anaandika kwenye simu, anaingia ndani. Nilimpungia mkono. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, lakini pikipiki zilikuwa zinapita. Zile chupa zilikuwa ni za siku ile ile kiuno kiliponishika, hapakuwa na wa kuziteremsha. Yeye alikuwa akitazama bati, kama alivyoambiwa. Nilijisikia mpweke, mwanangu, kuliko siku tuliyomzika baba yako.

Sasa natembea kwa kushika ukuta. Siku niliyoweza kusimama nilizichokoa kwa ufagio zikadondoka uani. Maji yamepigwa jua mpaka basi. Nilikunywa nikilia, sikufichi.

Usimgombeze kinyozi. Na mwenzako ulifanya vyema kumwachia, mama yake apone. Lakini mwambie kinyozi kila asubuhi avuke barabara aje mlangoni, hata kama chupa anaziona. Agonge kwa nguvu, masikio yangu unayajua.

Nawe ukija, gonga hivyo hivyo.

Mama yako