Nafasi Niliyoisubiri Kimya

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Salamu zako zimefika.

Huku nyumbani Rexdale hatujambo. Mama yako amehamishiwa zamu ya asubuhi kule ghalani, kwa hiyo jioni tunakula pamoja. Tangu uende chuoni, mkoba wake anauweka kwenye kiti chako ili kisiwe kitupu.

Amenisomea ujumbe wako. Kumbe kocha wa voliboli anasema ninyi wasichana weusi mna nguvu, kazi yenu kupiga mpira tu. Kupanga mchezo ni kwa wenzenu Wazungu. Unaniuliza: ukiomba nafasi hiyo ya kupanga, utaonekana una kiburi?

Nikiwa chuo cha ualimu Morogoro nilicheza netiboli. Kwa urefu wangu, mwalimu aliniweka nizuie goli. Mimi nilitaka kucheza senta, niugawe mpira katikati ya uwanja. Sikusema, nilidhani ataiona adabu yangu, kisha aniite. Nikasubiri miaka miwili. Siku moja Zawadi, mwanafunzi mgeni, akamwendea, akamwambia, "Mwalimu, naomba nijaribu senta." Akapewa siku hiyohiyo. Nilipolalamika, mwalimu alishangaa kweli. "Kwani na wewe uliitaka?"

Kocha wako si mwalimu wangu, najua. Anaweza kujua vizuri unachotaka na bado akukatalie. Basi mwombe; kama ni kukataa, akatae akikutazama machoni, na wiki ijayo umwombe tena.

Nina miaka sabini na miwili, Neema, na hadi leo sijui kama senta ningeiweza. Wewe usizeeke na swali hilo.

Ni mimi, bibi yako.