Onésime alimuhoji docteur

Kitsa, shemeji yako Onésime! Tungali Butembo, nacheka peke yangu kwenye parking, watu wananitazama.

Unajua ule uvimbe wa shingo yake. Walikata kipande, wakakituma kwa docteur anayechunguza nyama za wagonjwa kwa microscope. Leo ilikuwa siku ya jibu. Mzee hakulala. Akavaa kostimu ya ndoa ya binti yetu Élise, na kravati.

Tunaingia, docteur ni mwanamke, bado kijana. Mbele hata ya kuketi, Onésime anamuuliza: "Mama, ulisomea wapi?" Kama vile mama ndiye anatafuta kazi kwake!

"Kinshasa, papa. Kisha Dakar."

"Na mutuelle ya walimu, ile bima ya matibabu, munaikubali?"

"Tunaikubali, papa."

Badala ya kushukuru, akanigeukia na kusema kwa sauti: "Unaona? Docteur wa kweli hapokeake batu ya mutuelle. Huyu angali anajifunza juu yetu."

Mbele yake, Kitsa! Mbele yake! Nilitazama viatu vyangu tu.

Docteur hakukasirika. Akakunja karatasi ya jibu polepole. "Sawa, papa. Hii yangu tuitupe, utafute docteur wa kweli. Miye niliona hauna kansa."

Onésime akasimama, akavua kofia.

"Docteur," akasema, "Dakar hapana kitu kidogo!"

Sasa anamuhubiria mwenye moto, yule wa pikipiki ya kuturudisha, namna wanavyofundisha kule Dakar. Yeye ambaye hajapita hata Eringeti, hapa hapa mkoani kwetu.