Ukuta wa Kiwanda na Eda ya Shangazi

Lamu, Ijumaa

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa, na Mama hakandi unga wa mahamri peke yake alfajiri. Mimi mwili mzima, ila nina hofu, na naona haya kuisema. Kwa simu siwezi. Nyumba hizi za waungwana zina uwanja wa ndani usio na paa, wenyewe huuita kiwanda. Ukinong'ona pale chini, Shangazi hukusikia ghorofani.

Ulipoondoka baada ya hitima ya mumewe, uliniachia kazi zote za nje, kwani mwenye eda hatoki. Nazifanya. Lakini tangu mvua zianze, ukuta wa kiwanda upande wa birika la kuwekea maji umeingia ufa na kufura kama tumbo. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitaka insha juu ya nyumba hizi. Nikasifu matao na nakshi, nikapata alama nzuri. Ufa sikuuandika.

Juzi nachota maji ya kutawadha, jiwe likaanguka birikani. Visamaki vinavyofugwa humo ili vimalize viluwiluwi vya mbu vikarukia miguuni pangu. Nikavirudisha kwa kiganja.

Nikajikaza kwenda kwa maalim wa madrasa. Unanijua, hata dukani hununua kwa kunyoosha kidole. Akasema nyumba ikiwa ya hatari, mwenye eda ana ruhusa kuhama. Nikamweleza Shangazi, akacheka.

"Umekwenda kuuliza nilijualo? Hii eda yangu ya pili, mwanangu."

"Basi twende kwa jirani."

"Nikitoka leo, mashemeji zangu watatia kufuli kesho. Wanataka kuiuza. Nitakwenda wapi? Kwenu Msambweni, nikalale na kuku?"

"Kuku wetu hawamwangukii mtu, Shangazi."

Sijui ulimi niliupata wapi. Akaniamuru nikalale kwa jirani mimi peke yangu. Nimekataa, Baba, usikasirike. Tunalala chumba cha mbele, yeye na tasbihi yake, mimi nasikiliza chokaa ikidondoka.

Njoo wewe, ndugu yake. Keti hapa barazani mashemeji wakuone, ufunguo uwe mkononi mwako. Hapo atatoka. Nauli ya kunirudisha usinitumie. Sitamwacha.

Msalimie Mama, na Bibi aliyenifunza kusuka ukili wa mikeka. Kaka wa hotelini Diani, akipewa ruhusa, uje naye. Shangazi ana masanduku mazito.

Ni mimi bintiyo, ninayeutazama mlango,
Saumu