Ng'ombe wa Sindano

Jumatano, Ikwiriri

Mke wa mwenye bucha nimepika dagaa, na wala sijutii!

Asubuhi mfugaji alimletea Saidi wangu ng'ombe mnono. Saidi akaona uvimbe shingoni. "Huyu kachomwa sindano lini?"

"Juzi. Si utasema bismillahi? Halali hiyo."

"Bismillahi haiondoi dawa mwilini, ndugu yangu." Akamrudisha, bucha likashinda tupu.

Nilinuna, nikiogopa wateja watahama. Nikamuuliza, dawa kidogo kwenye nyama ina ubaya gani?

"Vijidudu vya maradhi vinaizoea, mke wangu, kisha haviuawi nayo tena." Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo langu, siri yetu ya wiki mbili. "Huyu akija kuugua, nataka maradhi yasikie dawa."

Ya Rabi, nimeolewa na mtu! Nikamwongezea dagaa.