Kaunda Suti ya Baba Anna

Jumatatu, 2 Juni
Tumepiga alizeti mpaka mgongo umekataa. Mume wangu kapiga kidogo, akakaa. Kile kikohozi. Mchana kaniaga anakwenda kwa fundi Shabani kushonesha kaunda suti. Nimecheka sana. Kaunda suti ni nguo ya mwenyekiti wa kijiji, ya mwalimu mkuu siku ya wageni. Huyu wangu hata harusi yetu alivaa shati la kuazima.

Jumanne, 3 Juni
Nimemuuliza ni ya shughuli gani. Kasema, "Mama Anna, mtu mzima lazima awe na nguo yake rasmi." Shughuli hakutaja. Labda kuna watu wanakuja kumposa Anna. Nimefurahi peke yangu jikoni. Halafu nikamkumbuka marehemu shemeji, tulivyomvalisha kaunda suti mpya kabisa, hajawahi kuivaa akiwa hai. Huku kwetu mwanaume wa heshima anazikwa hivyo. Ugali ukaungua.

Alhamisi, 5 Juni
Hajala. Nimekuta leso yake ina damu, kaificha chini ya godoro. Nikasema twende hospitali Singida. Hataki. Kawa mkali. Naogopa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepita kwa fundi. Kaacha cherehani. "Shikamoo mama. Mzee anataka nishone bila mifuko."
Bila?
"Hata mmoja. Nikamwambia mzee wangu, kaunda suti ni mifuko minne, ukiitoa hiyo siyo kaunda suti tena. Akanijibu, huko niendako nitaweka nini? Mama, sisi Waislamu tuna sanda, nyie wenzetu mna suti. Nimeshindwa hata kukata kitambaa."
Nikamwambia kata. Shona mifuko yote minne.

Jumapili, 8 Juni
Suti imekuja. Kaona mifuko, kaninunia. Nimemwambia mbele ya Anna, na sikulia: mtu aliye hai anavaa kaunda suti akienda kuonana na wakubwa. Daktari ni mkubwa. Kesho unaivaa. Baadaye kamwambia Anna, "Mama yako siku hizi ni ofisa." Akacheka. Kikohozi kikamkatisha.

Jumatatu, 9 Juni
Hospitali. Kijana mmoja kampisha kwenye benchi. "Shikamoo mheshimiwa." Kaitikia kama mheshimiwa kweli. Mimi nikaangalia pembeni nisicheke.
Wamempiga picha ya kifua. Wamemlaza. Nesi kampa nguo za wagonjwa, mimi nikapewa suti nirudi nayo. Majibu bado.
Njia nzima niliipakata. Ilikuwa na joto lake, nilipofika nyumbani limeisha. Nimeitundika ukutani isije ikajikunja.
Nyumba kimya. Hakuna anayekohoa.