Kodi Hailiwi

Urbano mwanangu,
Chai iko kwenye chupa. Maharage yaanike, mvua ikija uyaingize. Mi nimekwenda Muyinga kwa mama mdogo wako, narudi kesho.

Asubuhi nilikuuliza huko Tanzania mkaa unauzwaje, ukanicheka: "Mama, pesa ya nauli na kodi ya chumba iko!" Kodi hailiwi, mwanangu. Mi nimekulia kule. Hapa Musinzira mboga ya lengalenga unachuma nyuma ya jiko, kule hata kuni unanunua. ~~Usiende.~~ Nenda, lakini kwanza mpigie rafiki yako Manase aliyeko Kahama, akutajie bei ya mkaa, maji, unga, chumvi.

Karatasi yako ya kuvukia mpaka pale Kobero usiitafute. Nimeifunga kwenye kitenge changu. Kesho utanitajia hizo bei, ndipo nitafungua.

Mama yako, yule unayemcheka