Mfupa wa Bata Mzinga Mkononi mwa Zuhura

Shikamoo Mama,

Mvua ya Birmingham ni rasharasha isiyokwisha, ila kwa Zuhura hapa mtaa wa Aston kuna joto. Jana alinipeleka chuoni kunionyesha kazi yake. Mwanao siku hizi anachunguza mifupa ya bata mzinga waliofugwa na Wapueblo wa kale, wenyeji wa Amerika. Anasema kwa muda mrefu hawakuwafuga hasa kwa nyama. Walitaka manyoya, wakafumia mablanketi ya kujikinga na baridi.

Akaniwekea mfupa wa mguu kiganjani. Ulikuwa umevunjika, kisha ukaunga.

"Ona, dada," akasema. "Huyu hakuweza kutembea. Lazima kuna mtu alimletea mahindi na maji mpaka akapona."

Mama, niliona wivu. Bata mzinga wetu pale Muheza niliwalea mimi. Zuhura akiwaona tu alipanda juu ya meza. Leo yeye ndiye mwenye koti jeupe na ufunguo wa chumba kile, mimi mgeni wa kuandikishwa jina mlangoni.

"Unawaza nini?" akaniuliza.

"Nakuonea wivu."

Hakucheka. Aliulaza mfupa kwenye pamba taratibu, akasema, "Na mimi nakuonea wewe. Kila asubuhi unamwamkia Mama."

Tulirudi kwa basi tumeshikana mikono.

Wivu haujaniisha wote, sikufichi. Ule vizuri, Mungu akutunze, na Zuhura akipiga simu usiwe na haraka ya kukata.

Mwanao,
Rehema